Kiporo, Maziwa ya Ngamia na Mlo wa Anayeishi Mbali na Kwao

Mwalimu wa kutoka Kisii akipangiwa shule Balambala au Hulugho, kaunti ya Garissa, wiki ya kwanza huulizia managu sokoni. Hayapo, au yamefika yakiwa yamenyauka. Kilichopo ni wali, pasta, nyama ya mbuzi, anjera, chai ya maziwa iliyokolea sukari, na joto ambalo mchana hupita nyuzi 35 kwa urahisi. Basi asubuhi hunywa chai na mahamri, mchana hula wali kwa nyama hotelini, na usiku, kwa kuwa amechoka na anaishi peke yake, humalizia kilichobaki kwenye sufuria. Tumbo linajaa. Baada ya miezi michache ndipo uzito unapopanda, choo kinakuwa kigumu na uchovu hauishi.

Maisha hayo Wafilipino wanayajua vizuri. Mamilioni yao hufanya kazi nje ya nchi, melini, hospitalini na majumbani, hasa katika nchi za Ghuba, na Mkenya aliyeishi nao Doha au Dubai huwakumbuka kwa wali. Wanaula asubuhi, mchana na jioni. Wali wa jana hukaangwa kwa vitunguu saumu ukawa kifungua kinywa, unaoitwa sinangag. Nyama hupikwa kwa siki, vitunguu saumu na pilipili manga, wakaiita adobo. Ni mapishi ya mtu asiye na muda wala jiko kubwa, na mahitaji yake karibu yote yanapatikana katika maduka ya Garissa mjini. Tatizo lipo kwenye friji. Doha friji ni kitu cha kawaida na umeme haukatiki ovyo. Vyumba vingi vya kupanga Garissa havina hata soketi ya kutegemea.

Wali uliopikwa una hatari ambayo wengi hawaitilii maanani. Bakteria aitwaye Bacillus cereus huishi kwenye mchele kama mbegu ngumu zisizokufa kwa kuchemshwa. Wali ukikaa sufuriani kwenye joto, mbegu hizo huamka, huzaana na kutoa sumu. Kuupasha moto asubuhi huua bakteria lakini sumu ya kutapisha hubaki, kwa sababu inastahimili moto. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na joto likipita nyuzi 32 wataalamu wengi hushusha muda huo hadi saa moja. Kwa hiyo sufuria iliyofunikwa tangu chakula cha mchana na kusubiri chakula cha usiku, Garissa, imeshapitiliza. Asiye na friji apime mchele wa mlo mmoja. Mwenye friji autandaze wali kwenye sinia upoe upesi, auweke kwenye friji ndani ya saa hiyo moja, na aukaange siku inayofuata mpaka utoe mvuke kote.

Wenyeji wa kaskazini mashariki walilishughulikia joto hili zamani. Nyirinyiri ni nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaushwa na kukaangwa hadi maji yote yakauke, kisha ikahifadhiwa ndani ya samli. Hukaa wiki nyingi bila friji, na iliwatosha wafugaji na wasafiri wa masafa marefu. Ina mafuta mengi, kwa hiyo vijiko viwili juu ya anjera au maharagwe vinatosha. Haikutengenezwa kuliwa bakuli zima.

Adobo, ile nyama ya siki, nayo hufaa kwa mbuzi. Nusu kilo hukatwa vipande vidogo, hutiwa punje sita za vitunguu saumu zilizopondwa, pilipili manga, vijiko vinne vya mezani vya siki na kikombe cha maji, ikachemka polepole mpaka ilainike na mchuzi upungue. Wafilipino huongeza sosi ya soya. Hapo panahitaji tahadhari: kijiko kimoja cha mezani cha sosi hiyo kina chumvi inayokaribia nusu ya gramu 5 ambazo WHO inashauri mtu mzima asizipite kwa siku. Kijiko cha chai kinatosha, na chumvi nyingine isiongezwe. Wala siki isimdanganye mpishi. Bila friji, nyama hiyo iliwe siku hiyohiyo.

Lakini pishi la Garissa linalostahili sifa zaidi ni ambulo. Maharagwe madogo mekundu huchemshwa taratibu kwa saa kadhaa, yakaliwa jioni kwa mafuta ya ufuta au samli na sukari, pengine yakichanganywa na wali. Kwa bei ndogo kuliko nyama, yanampa mlaji protini, madini ya chuma na nyuzinyuzi ambazo wali mweupe na pasta havina za kutosha. Ndengu au kunde kavu hufanya kazi ileile. Kuloweka kwa saa sita hivi huokoa makaa, na maji ya kulowekea humwagwa. Sukari inaweza kupunguzwa hadi kijiko kimoja cha chai bila ladha kuharibika, na ndimu ikikamuliwa juu husaidia mwili kufyonza chuma. Chai hufanya kinyume, kwa hiyo ni bora inywewe saa moja baada ya chakula. Tena WHO hupendekeza sukari ya kuongezwa isizidi gramu 25 hivi kwa siku kwa faida zaidi, yaani vijiko sita vya chai. Vikombe vitatu vya chai ya hotelini huweza kuvimaliza vyote.

Maziwa ya ngamia huingia mjini asubuhi ndani ya madumu. “Eedo (shangazi), haya ni ya leo?” mnunuzi huuliza. Swali ni zuri, ila halitoshi. Maziwa ya leo yanaweza kuwa na brusela, ugonjwa wa homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, maumivu ya viungo na uchovu, ambao mara nyingi hudhaniwa kuwa malaria na ambao matibabu yake kwa kawaida huchukua wiki sita. Maziwa yaliyogandishwa bila kuchemshwa hayana usalama wa uhakika pia. Dawa ni kuyachemsha mpaka yafure, ndipo yanywewe au yagandishwe. Wapo wanaosema kuchemsha huyaondolea nguvu. Ni kweli vitamini C hupungua, lakini embe moja au papai la mashamba ya Mto Tana huirudisha.

Nyama nayo ina hatari yake. Mwishoni mwa 2006, baada ya mvua kubwa, homa ya Bonde la Ufa ilizuka Garissa na kuenea. Zaidi ya watu 100 walikufa Kenya. Wengi waliambukizwa kwa kuumwa na mbu au kwa kugusa damu na nyama za mifugo wagonjwa. Mnyama aliyekufa mwenyewe, hasa baada ya mafuriko, haliwi hata kama bei ni ya kuvutia.

Matunda yasichukuliwe kuwa anasa. Katika miaka ya 1980 kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, kilizuka katika kambi za wakimbizi Somalia, Ethiopia na Sudan, kwa sababu mgao ulikuwa nafaka, maharagwe na mafuta, bila kitu kibichi. Kambi za Dadaab zilipofunguliwa kuanzia 1991, familia zilizozoea maziwa na nyama zilianza kuishi kwa mgao wa aina hiyo. Kula ndizi mbivu pamoja na wali, jambo ambalo mgeni wa kutoka bara hulicheka siku ya kwanza, ni desturi ya Wasomali inayofaa kuigwa.

Barabara ya Nairobi ilipokatwa na mafuriko Novemba 2023, na tena 2024, mboga za lori hazikufika. Nyumba yenye ndengu, vitunguu na ndimu huvuka siku hizo. Maji nayo huchafuka wakati huo, na kipindupindu kimeshazuka zaidi ya mara moja Garissa na Dadaab. Maji ya kunywa huchemshwa au kutiwa klorini. Anayeharisha hupewa maji yenye chumvi na sukari ya pakiti kutoka zahanati. Ikikosekana, lita moja ya maji safi huchanganywa na vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa. Hunywa kidogo kidogo. Mtoto huongezewa vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Choo kikitoka kama maji ya mchele, au mgonjwa akilegea na macho kudidimia, apelekwe kituo cha afya mara moja, akiendelea kunyweshwa njiani.