Kusomea Upigaji Picha za Habari: Uliza Nani Atazikagua Picha Zako

Kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka, vijana wanaosifiwa picha zao huanza kuulizia vyuo vya uandishi wa habari. Wazazi nao huuliza: kuna haja gani ya kulipa ada miaka yote hiyo kusomea kitu ambacho mtoto tayari anakifanya harusini na kwenye mahafali? Ni swali la haki. Kutumia kamera mtu hujifunza kwa majuma machache, na chuo kinachouza hilo tu hakistahili fedha ya familia yako. Unacholipia ni mtu anayeijua kazi, atakayezitazama picha zako kila wiki na kukwambia ipi inafaa gazetini, ipi haifai na kwa sababu gani.

Wapo watakaokutajia mpigapicha Mohamed Amin. Alianza kupiga picha akiwa kijana wa shule Dar es Salaam, akaanzisha kampuni ya picha ya Camerapix mwaka 1963, na mwaka 1984 picha alizopiga Korem, Ethiopia, zikaifanya dunia ione njaa ambayo haikuwa imeitilia maanani. Ni kweli hakupitia stashahada. Lakini alikulia katika kazi ambayo kila picha ilipita mikononi mwa mhariri kabla ya kumfikia msomaji. Leo picha inatoka kwenye simu hadi hadharani bila kuonwa na mtu wa pili. Chuo kizuri ndicho kinachoweza kumrudisha huyo mtu wa pili.

Kwanza hakikisha usajili. Kwa Tanzania, vyuo vya cheti na stashahada vinasimamiwa na NACTVET, na shahada zinasimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Kuanza ngazi ya cheti, NTA 4, kwa kawaida utahitaji ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, masomo ya dini hayahesabiwi. Stashahada ni NTA 6. Usiidharau ngazi hiyo. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inamtaka mwanahabari awe na ithibati, na kanuni zake zimeweka stashahada kuwa kiwango cha chini cha elimu. Kozi ya miezi mitatu inaweza kukufundisha mengi, ila usiichukue ukidhani itakupatia kitambulisho cha uandishi. Kwa Kenya, vyuo vya kati viko chini ya TVETA, na vitambulisho vya wanahabari hutolewa na Baraza la Vyombo vya Habari.

Jambo ambalo matangazo ya vyuo hayasemi ni kwamba mara nyingi picha za habari si kozi inayojitegemea. Ni somo ndani ya stashahada ya uandishi wa habari, na pengine linafundishwa muhula mmoja tu. Kwa hiyo omba mtaala uusome mwenyewe. Nenda chuoni siku ya masomo, uliza kamera ni ngapi na wanafunzi wangapi, mwalimu amewahi kufanya kazi chumba kipi cha habari, na wanafunzi wa mwaka jana walikwenda fildi wapi. Kisha omba kukaa nyuma ya darasa wakati picha zinakaguliwa. Ukionyeshwa studio yenye taa mpya lakini ukutani hakuna hata picha moja ya mwanafunzi, rudi nyumbani ukafikiri upya.

Kamera usiikimbilie. Muhula wa kwanza tumia ya chuo au ya kuazima. Ukifika wakati wa kununua, kamera iliyotumika lakini nzima, yenye lenzi moja ya milimita 35 au 50, itakufunza kusogea karibu na watu, na huko ndiko picha zilipo. Fedha itakayobaki iende kwenye betri ya ziada, kadi mbili za kumbukumbu na diski ya kuhifadhia.

Mwanga ni somo linalotaka muda, hasa kwetu. Kipimo cha mwanga cha kamera hakijui kama mbele yake kuna uso wa mtu. Kinachukulia kwamba kila kitu, ukichanganya vyeupe na vyeusi, ni kijivu cha wastani. Sasa mchukue mama anayeuza samaki pale soko la Feri, Dar es Salaam, saa saba mchana, bahari inang'aa nyuma yake. Kamera inaona mng'ao, inapunguza mwanga, na uso wa mama unatoka giza, macho hayaonekani kabisa. Wengi huishia kulilaumu jua au kununua taa. Aliyefundishwa anaongeza mwanga hatua moja au moja na nusu kwenye kamera, au anapima usoni peke yake kisha anapunguza kidogo ili ngozi nyeusi isigeuke kijivu. Au anazunguka yeye, mama akiendelea na biashara yake, mpaka bahari imtoke nyuma na mwanga umwangukie ubavuni chini ya mwavuli. Zoezi hili lirudiwe mpaka mkono uzoee, kwa sababu mtu mweusi anayetoka gazetini kama kivuli amenyimwa heshima yake. Kasi ya shata ni rahisi zaidi: mpira wa miguu unataka 1/500 ya sekunde au zaidi, mtu anayehutubia 1/125 inatosha.

Halafu kuna maelezo ya picha, na hapa ndipo chuo kinapojulikana. Fungua gazeti lolote uone ni mara ngapi mgeni rasmi “anasisitiza jambo”. Jambo gani? Msomaji haambiwi, kwa sababu mpigapicha hakusikiliza. Maelezo mazuri yanataja nani, anafanya nini, wapi na lini, kisha sentensi ya pili inaeleza kwa nini tukio hilo lina maana. Picha ya mama wa Feri bila jina lake, aina ya samaki na bei ya siku hiyo ni pambo tu. Ukiiongezea maneno kwamba anauza vibua kwa bei iliyopanda kwa kuwa boti hazikutoka usiku, imekuwa habari. Kwa hiyo daftari liwe mfukoni. Mpe mhusika aandike jina lake mwenyewe, na kwenye picha ya kundi andika majina kuanzia kushoto kabla watu hawajatawanyika. Jifunze pia kuyaingiza maelezo ndani ya faili la picha. Ukituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, ubora unashuka na maelezo hayo yanapotea. Itume kama dokumenti au kwa baruapepe.

Maadili yafundishwe kwa kesi halisi. Mwaka 2006 Reuters iliachana na mpigapicha aliyeongeza moshi kwa kompyuta kwenye picha ya Beirut baada ya shambulio, ikaondoa picha zake 920 sokoni. Mwaka 2014 shirika la AP lilikata uhusiano na mpigapicha Narciso Contreras, aliyekuwa katika timu iliyoshinda tuzo ya Pulitzer mwaka mmoja kabla, kwa sababu alifuta kamera ya mwenzake iliyoonekana kwenye kona ya picha ya Syria. Kona tu! Wanafunzi wengi huiona adhabu hiyo kuwa kali mno. Mimi naiona ni sawa, kwani msomaji akishajua umefuta kitu kimoja, hana njia ya kujua hukufuta kingine. Kurekebisha mwanga na kupunguza kingo ni kazi ya kawaida; kuongeza au kuondoa kitu si kazi yetu. Mwalimu azungumze wazi pia kuhusu bahasha za fedha za waandaaji wa mikutano, na kuhusu sura za watoto waliofanyiwa ukatili, ambazo hazitoki hata kama picha ni nzuri kiasi gani.

Usalama uwe ndani ya mtaala. Tarehe 2 Septemba 2012, mwandishi Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa kijijini Nyololo, Iringa, mikononi mwa polisi, na picha za mwandishi mwenzake ndizo zilizoifanya nchi ione kilichotokea. Tarehe 12 Julai 1993, wanahabari Hos Maina, Anthony Macharia, Dan Eldon na Hansi Krauss waliuawa na umati mjini Mogadishu. Mwanafunzi anatakiwa ajue mapema pa kusimama kati ya waandamanaji na polisi, njia ya kutokea, huduma ya kwanza, na kumwambia mhariri alipo. Wasichana wafundishwe na kulindwa dhidi ya usumbufu wakiwa fildi, na chuo kiwe na mtu wa kupokea malalamiko yao kwa siri. Uliza ni nani.

Fildi ikifika, omba kukaa karibu na mhariri wa picha, hata kama wengine wanakimbilia ziara za viongozi. Toka na mkusanyiko wa picha 15 hivi: za matukio, za michezo, sura za watu, na simulizi moja ya picha sita au saba kuhusu jambo la mtaani kwako ulilolifuatilia kwa miezi. Mhariri anayetafuta mtu ataanza na hiyo simulizi. Na kabla ya kusaini mkataba wowote, soma kipengele cha hakimiliki. Picha unazopiga ukiwa mwajiriwa kwa kawaida huwa mali ya mwajiri isipokuwa mmekubaliana vinginevyo, kwa hiyo makubaliano hayo yaandikwe siku hiyo hiyo, na nakala ubaki nayo.