Msaada Unaokatika kwa Siku Moja: Je, Ni Hisani au Ni Haki?



Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump wa Marekani alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Tarehe 1 Julai mwaka huohuo, shirika la USAID likakoma kuendesha misaada hiyo. Kwetu tunaoishi Kihesa, hizo hazikuwa habari za mbali. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulionesha kuwa asilimia 4.4 ya watu wazima Tanzania wanaishi na VVU. Iringa ni asilimia 11.1 na Njombe 12.7. Kwa zaidi ya miaka 20, sehemu kubwa ya huduma hizo imelipiwa na PEPFAR, mpango uliotangazwa na Rais George W. Bush mwaka 2003. Umeokoa maisha ya wengi, nasi tunashukuru.

Hata hivyo, tujiulize: msaada huo ulisimama juu ya msingi gani?

Aristotle anafundisha kuwa urafiki wa manufaa huisha manufaa yanapokwisha. Sera ya nje ya taifa hutazama kwanza masilahi ya taifa hilo. Tanzania ililiona hilo mwaka 1965, Ujerumani Magharibi ilipoondoa msaada wake wa kijeshi kwa sababu tuliiruhusu Ujerumani Mashariki kuwa na konseli nchini. Mwalimu Nyerere akakataa hata misaada iliyobaki. Lakini mafunzo ya marubani yanaweza kungoja. Dozi ya ARV haingoji. Mgonjwa hawezi kulinda heshima ya taifa kwa kuacha dawa.

Hapa Mafundisho Jamii ya Kanisa yanatupa kanuni mbili. Ya kwanza ni mshikamano. Mtakatifu Paulo VI, katika *Populorum Progressio* (1967), anafundisha kuwa mshikamano ni wajibu wa mataifa pia, si wa mtu mmojammoja tu. Basi, anayemtegemeza mgonjwa hana haki ya kumwachia ghafla. Anadaiwa walau taarifa na muda wa kujipanga.

Ya pili ni kanuni ya auni, iliyofafanuliwa na Papa Pio XI katika *Quadragesimo Anno* (1931): mkubwa amsaidie mdogo, asimpokonye kazi anayoiweza. Nasi tunadaiwa. Mwaka 2001, kule Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Nchi nyingi bado hazijafika. Tukimlaumu mfadhili na kuinyamazia bajeti yetu, tumesoma nusu ya somo.

Kwa hiyo, haki ya mgonjwa haizaliwi Washington wala haifi huko. Inatokana na utu wake, nao unatudai sote.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya Ndogo Ndogo:
1. Ni nani katika jumuiya yetu anayehitaji kusindikizwa ili asiache dawa?
2. Tunawauliza nini wawakilishi wetu kuhusu bajeti ya afya?