Kukata Mkono wa Gia: Somo la Nyenzo Lililoko Gereji

Vijana wengi wenye gari za manyuali wamewahi kuliwaza hili, na wengine wameshalifanya: kufupisha mkono wa gia ili gia ziingie haraka. Fundi anakata kipande kwa msumeno wa chuma, anachonga nyuzi mpya za kufungia kichwa, kazi imeisha. Washkaji wanasema gari limekuwa jepesi. Hapo ndipo sisi walimu watarajiwa tunapaswa kuinua mkono, maana limekuwa zito.

Mkono wa gia ni nyenzo ya daraja la kwanza, ndugu yake mkasi na bembea ya ubao. Egemeo limejificha chini ya lile kava la ngozi. Juu yake ndipo unapoweka jitihada, chini yake kuna ncha inayosukuma mzigo, yaani vyuma vya kuchagulia gia.

Tuchukulie sehemu ya juu ina sentimita 36 na ya chini 6. Uwiano ni 6. Ncha ya chini ikihitaji kusogea sentimita 1.5, kiganja chako kitasafiri sentimita 9. Kama mzigo ni nyutoni 180, utasukuma kwa nyutoni 30. Sasa kata sentimita 6. Uwiano unakuwa 5, kiganja kinasafiri sentimita 7.5, lakini jitihada inapanda hadi nyutoni 36. Zidisha kani kwa umbali: kabla ya kukata kazi ni jouli 2.7, baada ya kukata ni jouli 2.7 ile ile. (Mkono ukiwa umepinda, pima mstari ulionyooka toka egemeo, usifuate mkunjo. Wanafunzi wengi watanaswa hapo.)

Nyutoni 6 si kitu kwa anayeendesha Jumapili tu. Lakini kaka yangu ni dereva wa Hiace, na ndiye aliyeniuliza kama akate. Kila kituo anashuka mpaka gia ya kwanza na kupanda tena, kutwa nzima. Asilimia 20 ya ziada kila mara, bega ndilo linalolipa. Mfikirie pia dereva wa lori lenye magunia ya alizeti, anatoka Mtera anapanda Nyang'oro kuelekea Iringa. Pale unarudisha gia gari likiwa linakufa mwendo, na mkono mrefu ndio rafiki yako.

Tena kuna kitu ambacho kukata hakukigusi. Ndani ya giaboksi kuna pete zinazosuguana na gia mpaka mizunguko ilingane, ndipo gia inaingia. Kulingana huko kunataka muda wake. Ukilazimisha kwa nguvu utauokoa kidogo, ila pete zinalika, na siku ya kuzibadilisha ni giaboksi zima kushuka chini.

Nilimuuliza fundi mmoja wa Chang'ombe. Akajibu bila hata kutoka chini ya gari: "Mwalimu, nyingi zinazoletwa hapa mkono wake si mrefu. Bushi zimekwisha." Kiukweli jibu lile lina fizikia kuliko lilivyosikika. Bushi ikilegea milimita 3 tu huku chini, kwa uwiano wa 6 kiganja kinatembea sentimita 1.8 bure kabla ya chochote kusogea. Hiyo inazidi sentimita 1.5 ulizozipata kwa kukata! Badilisha bushi, safari inafupika na jitihada haiongezeki hata nyutoni moja. Kaka nilimwambia aanzie hapo.

Kwa mnaokwenda mazoezi ya kufundisha: mada ya nyenzo haihitaji maabara. Chukua mpini wa fagio, ufunge kwa kamba kwenye mguu wa dawati uwe egemeo, ning'iniza tofali upande mfupi. Waache wanafunzi wainue wakishika mwishoni, kisha wasogeze mikono karibu na egemeo. Wapime kwa rula mkono umeshuka kiasi gani kila mara. Halafu ilegeze ile kamba bila kuwaambia, uwaulize kwa nini vipimo vimebadilika.