Wastaafu wawili, utume Meru

Swali: Mimi na mke wangu ni wastaafu kutoka Kenya. Tumeitwa kuhudumu katika usharika wa Kilutheri karibu na Usa River, Tanzania. Siku zetu zitakuwaje?

Jibu: Mzee wangu, njooni na masweta, Juni na Julai kuna baridi kweli. Asubuhi mtatembelea wagonjwa, na kila nyumba ina chai yake, hivyo nyumba tatu zatosha. Jumapili msipange safari: baada ya ibada kuna mnada wa sadaka, ndizi, mayai, hata kuku, na mgeni hutazamiwa apandishe bei. Ushauri wenu usitangulie kusikiliza, kwani wageni wana historia nzito hapa. Wamisionari wa misheni ya Leipzig, Ovir na Segebrock, waliuawa Akeri, huko huko Meru, mwaka 1896. Leo Dayosisi ya Meru inaongozwa na wenyeji. Kibali cha ukaazi daraja C kiombeni mapema, kupitia kanisa.