Kiwiko cha Tenisi: Vidokezo 6 vya Kukituliza Bila Kisu

Raketi hujawahi kuishika, lakini ukiinua sufuria tu kiwiko kinakufokea? Karibu chamani! Jina ni kiwiko cha tenisi, ila wanachama wake wengi ni mafundi seremala, wafua nguo na wasonga ugali. Panapouma ni kwenye kinundu cha nje ya kiwiko, pale kano za misuli inayoinua kiganja zinaposhikana na mfupa. Zimechoshwa, basi. Wengi hupona ndani ya mwaka bila kupasuliwa.

1. Punguza kazi, usiufunge mkono
Kano isiyotumika hudhoofika. Pumzika kufanya yale yanayouma hasa: kukuna nazi, kuzungusha bisibisi, kukamua majinzi. Majinzi yaanike yakichuruzika maji, jua litamalizia.

2. Kiganja juu!
Ukiinua mfuko wa unga, kiganja kitazame juu na kiwiko kiwe karibu na ubavu. Kiganja kikitazama chini, mzigo wote unaziangukia zile kano zilizochoka. Utashangaa kidokezo hiki kidogo kinavyosaidia siku ileile.

3. Sukumana na mkono wako mwenyewe
Laza mkono mezani, kiganja chini. Mkono wa pili uukandamize kwa juu, huku wa chini ukijaribu kuinuka. Kusiwe na kinachosogea! Hesabu sekunde 30 hadi 45, pumzika, rudia mara 4 au 5. Hata kwenye daladala inawezekana, mkono ukiwa pajani. Jirani akikukodolea macho, mfundishe.

4. Chupa ya maji ndiyo jimu yako
Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo tusikimbie. Chupa ya nusu lita iliyojaa ina uzito wa karibu nusu kilo. Ikikulemea, mwaga nusu. Laza mkono mezani, kiganja kining'inie ukingoni kikitazama chini, chupa ikiwa mkononi. Ipandishe kwa kusaidiwa na mkono mwingine, kisha uachie msaada na uishushe taratibu ukihesabu moja mpaka nne. Siri iko kwenye kushusha. Mara 15, pumzika, jumla raundi 3 kwa siku. Kuuma kidogo ni ruhusa, mradi kesho yake asubuhi kumetulia. Kukizidi, punguza maji. Wiki ya kwanza utasema nimekudanganya. Wewe endelea, maana kano huhitaji wiki 6 hadi 12.

5. Mkanda mahali pake
Wengi huvaa mkanda wa kiwiko juu ya kinundu chenyewe. Hapana! Ushushe upana wa vidole viwili, ukae kwenye nyama ya mkono. Vidole vikifa ganzi, legeza. Usiku uvue.

6. Sindano? Fikiria mara mbili
Sindano ya steroidi hutuliza haraka, na hapo ndipo mtego ulipo. Utafiti wa Australia uliotoka mwaka 2006 ulifuatilia wagonjwa kwa mwaka mzima: waliochomwa walianza vizuri, kisha wengi wao maumivu yakawarudia, huku waliopata fiziotherapia wakiwapita.

Ukiona ganzi, uvimbe wenye homa, maumivu yanayotoka shingoni, au yote yameanza baada ya kuanguka, muone daktari kwanza. Vinginevyo, hiyo chupa uliyomaliza kunywa sasa hivi usiitupe.