Pakiti ya Chumvi na Tawakkul: Somo la Presha Kutoka Mukuju



Ndugu zangu wanafunzi, likizo iliyopita nilikaa kwa mama mkubwa kule Mukuju, kwenye barabara ya Tororo kwenda Mbale. Alikuwa amepimwa presha ikaonekana 168 kwa 102. Akapewa vidonge, akaambiwa apunguze chumvi. Wiki ya tatu akaviacha vidonge. Nilipomuuliza sababu alinijibu, "Mwanangu, kichwa hakiniumi tena. Presha hii ni ya mawazo, na dawa ya mawazo ni dua. Si wewe unayesoma dini? Hilo ulipaswa kunifundisha wewe."

Siku ile sikuwa na jibu. Hili ndilo jibu langu.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Presha ni nguvu ya damu inaposukuma kuta za mishipa. Namba ya juu hupimwa moyo unapokaza, ya chini unapolegea. Ikipimwa siku tofauti na ikafika 140 kwa 90 au zaidi, hiyo ni presha ya juu. Mara nyingi haiumi hata kidogo. Inaharibu mishipa ya ubongo, moyo na figo kimyakimya, mpaka siku mtu anapooza upande. Utafiti wa kitaifa wa Uganda wa 2014 ulikuta kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne anayo, na kati ya hao, waliojijua hawakufika hata mmoja katika kumi. Kwa hiyo kichwa kutouma si ushahidi wa kupona.

Sasa chumvi. Ikizidi, mwili hushikilia maji, damu huongezeka ujazo na presha hupanda. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa chakula chote cha siku. Lakini ni nani anayepima gramu jikoni? Mimi nilihesabu pakiti. Nyumba ile ina watu wazima sita. Sita mara 5 ni gramu 30 kwa siku. Pakiti ya nusu kilo basi ingepaswa kumaliza siku 16 na zaidi. Yetu iliisha siku ya 7. Hiyo ni karibu gramu 12 kwa kila mtu, bila kuhesabu magadi ya maharagwe, ambayo nayo yana sodiamu ileile ya chumvi, wala unga wa mchuzi wa pakiti.

Nilimwonyesha hesabu hiyo. Akaitazama, kisha akasema, "Kumbe ni sisi sote, si mimi peke yangu." Hapo nikaona kosa letu. Tulikuwa tumemtengea kisufuria chake kisicho na chumvi, kama mtu aliyeadhibiwa, huku sisi tukila kwenye chungu kikubwa. Nani angevumilia? Tukakubaliana chungu kiwe kimoja, chumvi ipungue kidogo kidogo, magadi yaachwe, na ladha itoke kwenye limau, vitunguu na karanga za kusaga. Ulimi huzoea baada ya wiki chache.

Msidhani haya ni ya wazee tu. Mwaka 1990 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapa utafiti juu ya Wajaluo waliohama kutoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi. Ndani ya miezi michache tu presha yao ilikuwa juu kuliko ya wenzao waliobaki nyumbani, na mkojo wao ulionyesha sodiamu zaidi na potasiamu pungufu. Sisi tuliotoka kwenye mihogo na majani ya kunde tukaja kuishi kwa chipsi na chapati za getini tujipime. Kuhusu mazoezi, dakika 150 za kutembea kwa haraka kila wiki, mama mkubwa analima kila asubuhi. Somo hilo lilikuwa langu mimi.

Ama tawakkul, tunaijua hadithi ya ngamia aliyopokea Tirmidhi: mfunge, kisha mtegemee Allah. Wanazuoni wengi hawakuifanya tiba kuwa wajibu katika kila hali, na Mashafii wanaihesabu sunna. Lakini Majmaa ya Fiqhi ya Kimataifa, katika kikao chake cha saba mjini Jeddah, 1992, iliamua kuwa tiba huwa wajibu pale ambapo kuiacha kutaleta kifo, kupoteza kiungo au ulemavu. Kupooza ni nini kama si ulemavu? Dua ibaki, na kidonge kibaki.

Wala chakula hakichukui nafasi ya kidonge kwa mtu mwenye 168. Kupunguza chumvi hushusha namba kadhaa na huisaidia dawa, ila wa kupunguza au kusimamisha dawa ni mhudumu wa kituo. Ramadhani pia, nendeni kwake mapema ndani ya Shaabani awapangie vidonge vya futari na daku. Na siku ya kupima, mgonjwa akae dakika 5 akiwa ametulia, miguu chini, mkono usawa wa moyo, bila kunywa chai nusu saa kabla.

Mama mkubwa alirudi kituoni akaanzishiwa dawa upya. Nilipokuwa nafunga begi kurudi chuoni, pakiti mpya ilikuwa na siku 13, na chumvi bado imo.