Gari la Kwanza la Kijana Wako: Angalia Jina Kabla ya Kutuma Pesa

Kijana amemaliza Kidato cha Nne, amefikisha miaka 18, ana leseni ya daraja B, na sasa kila jioni anakuonyesha picha za Vitz kwenye simu. Bei ni poa. Muuzaji anajibu haraka. Halafu inaingia ile meseji: "Boss, kuna mtu anakuja kuiona saa nane. Tuma elfu kumi nikuwekee."

Usitume, hata kama gari ni zuri kweli. Pesa ya simu hufika kwa sekunde chache, na mpokeaji akishaitoa kwa ajenti ni vigumu sana kuipata tena. Huduma ya kurudisha muamala iko kwa ajili ya aliyekosea namba. Haikuwekwa kwa mtu aliyelipia gari ambalo hajaliona.

Tuanze na hesabu. Tuseme familia imeweka akiba ya KSh 450,000. Wengi hutafuta gari la KSh 450,000. Sisi tungetafuta la 370,000 hivi, kwa sababu gari lililotumika halimalizi gharama siku ya kununuliwa: kuna bima, ada ya kuhamisha umiliki, oili na filta, betri, na mara nyingi matairi. Kwa pesa hiyo utaangukia magari yaliyokwisha kuzunguka Kenya miaka kadhaa, si yaliyoshuka meli juzi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo hata la bei ya chini kabisa kutoka Japani huja na ushuru wa gari ambalo bado ni jipya kiasi.

Kwa dereva mchanga, tafuta injini ndogo na gari ambalo spea zake zipo kila mtaa. Toyota Vitz au Passo ya 1000cc, Nissan March, Mazda Demio ya 1300cc. Si magari ya kujionyesha, na kijana anaweza kununa kidogo. Lakini fundi wa Kisumu analijua, wa Thika analijua, na taa ya nyuma ikivunjika hutaagiza nje ya nchi. Ukipata mawili ya bei moja, chukua lenye mifuko ya hewa inayofanya kazi na breki za ABS, hata kama rangi yake imechoka.

Sasa lile jina. Kabla hujapanda matatu kwenda kuona gari, omba namba ya usajili, ingia eCitizen kwenye huduma za NTSA, na ufanye utafutaji wa rekodi za gari. Ni KSh 550, unalipa kwa Paybill 222222. Majibu yatakuonyesha mwenye gari aliyesajiliwa, nambari ya chesisi, nambari ya injini, na kama kuna zuio. Angalia pia kama kampuni ya mikopo au benki imeandikwa pamoja na mwenye gari. Ikiwa ipo, gari hilo bado ni dhamana ya deni, na aliyekopesha anaweza kulifuata hadi kwenye geti lako. Mikopo mingine husajiliwa kwenye rejista ya dhamana za mali zinazohamishika, ambayo pia unaweza kuitafuta kupitia eCitizen. Picha ya logibuku iliyotumwa kwa WhatsApp haichukui nafasi ya haya yote. Picha hubadilishwa na mtoto wa darasa la saba.

Karatasi zikiwa sawa, nenda na fundi wako, si wa muuzaji. Mwambie muuzaji asiwashe injini kabla mjafika, maana injini iliyokwisha kupata moto huficha mengi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe mzito usioisha unaweza kuwa maji yanayoingia kwenye injini, na hapo bei ya matengenezo inaweza kukaribia nusu ya bei ya gari. Linganisha nambari ya chesisi kwenye bodi na ile ya NTSA. Matairi nayo yana tarehe: zile tarakimu nne za mwisho pembeni, kwa mfano 2319, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kilomita kwenye dashibodi usiziamini sana. Ikisoma elfu sitini na pedali ya breki imelika hadi chuma, jibu unalo.

Mmekubaliana bei? Andikeni mkataba wa mauziano wenye nambari za vitambulisho, PIN za KRA, chesisi na bei, pamoja na mashahidi. Kisha kaeni meza moja. Muuzaji aingie kwenye akaunti yake mwenyewe ya eCitizen na aanzishe uhamisho. Wewe uupokee kwenye yako. Sisi tunapendelea pesa kubwa itoke baada ya ombi hilo kuonekana upande wako, na asikuombe nywila yako wala PIN yako ya simu kwa sababu yoyote.

Unapotuma, skrini hukuonyesha jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha. Lisome. Lifanane na lile la NTSA. Broka akisema "tuma kwa hii ya kaka yangu, laini yangu ina shida," funga simu, unywe chai. Ukinunua kwenye yadi, lipa kwa namba ya biashara yenye jina la yadi hiyo, na jina hilo liwe kwenye mkataba. Kumbuka pia muamala mmoja kwa M-Pesa hauzidi KSh 250,000, na kwa siku ni KSh 500,000, hivyo bei ya 370,000 itakwenda kwa awamu mbili. Tuma ya kwanza, subiri akuonyeshe imefika, ndipo utume ya pili. Meseji zote mbili usizifute.

Logibuku iwe kwa jina la nani? Kijana wa miaka 18 mwenye kitambulisho na PIN ya KRA anaweza kusajiliwa. Kama bima utalipa wewe, tungeacha jina liwe lako mwaka wa kwanza.

Na bima ya muuzaji haihami pamoja na gari. Ile ya watu wengine, ambayo ni lazima kisheria, hulipa uliyemgonga na haitengenezi gari lako. Bima kamili hulitengeneza, ila uliza mapema ni kiasi gani utajilipia mwenyewe ikiwa dereva ni mchanga, maana makampuni mengi huongeza. Unaweza kuanza na ya mwezi mmoja na ulipe kwa simu palepale mlipo. Cheti kikishaingia, mpe kijana funguo.